Mabango ya watu yanachomekwa kwenye nyasi za nyumba yangu bila ruhusa. Nifanyeje?

Mama wa Kona (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri kabla sijafanya jambo la hasira nikaja kulijutia.

Nyumba yetu iko kwenye kona, barabara mbili zinakutana hapohapo, na mbele hatuna uzio. Tuna nyasi tu, ukoka nilioupanda kwa mikono yangu, kipande kwa kipande, baada ya mafundi kumaliza ujenzi na kutuachia kokoto na saruji iliyoganda. Miaka yote hiyo sikuwahi kusumbuliwa na mtu. Lakini kuanzia kama miezi miwili iliyopita, naamka asubuhi nakuta bango. La kwanza lilikuwa la fundi wa kuziba paa zinazovuja. Nikadhani labda amekosea nyumba, nikaliacha. Wiki haijaisha likaja la dalali, "NYUMBA INAUZWA", lina mshale, na mshale unaangalia mlango wangu ilhali nyumba yenyewe iko mtaa wa nyuma. Watu wawili wameshanigongea wakitaka kujua bei. Halafu Jumamosi iliyopita nikakuta la mgombea.

Hili la mgombea ndilo linaloniumiza. Jirani yangu wa mkono wa kushoto tumeishi naye kama ndugu wa tumbo moja. Yeye ana upande wake na anajulikana, mimi siasa sizungumzi na mtu, na hatujawahi kukwaruzana. Juzi nimemsalimia akaitikia kwa mkato, akaingia ndani. Jioni mwanangu akaniambia mtoto wa jirani kamwambia, "Baba anasema mama yako alikuwa anatuficha." Sikulala.

Je, naweza kuyang'oa mwenyewe? Mume wangu anasema tusiguse, tusije tukashtakiwa kwa kuharibu mali ya watu. Mdogo wangu anasema tuyachome moto. Mimi niko katikati na yote matatu bado yamesimama pale.

Mzee wa Mipaka

Pole sana dada. Kabla ya kung'oa chochote, jiulize swali moja ambalo watu wengi hulisahau: pale yalipochomekwa ni kwako kweli?

Nimefanya kazi na wapima ardhi kwa muda mrefu, na ugomvi wa namna hii nimeuona mara nyingi. Mtu anakata nyasi mpaka kwenye ukingo wa lami, anamwagilia, anaziona ni zake, kumbe mita kadhaa za mwisho ni hifadhi ya barabara. Wachomekaji wengine wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana huchagua ukanda ule wa kando. Toa ramani ya kiwanja chako, tafuta mawe ya mpaka kwenye pembe (yanaweza kuwa yamefunikwa na udongo, chokoa taratibu), halafu vuta kamba kutoka jiwe hadi jiwe. Bango likiwa ndani ya kamba, mtu kaingia kwenye ardhi yako bila ruhusa. Likiwa nje ya kamba, mwenye usemi ni mamlaka inayosimamia barabara, na wewe unakuwa mlalamikaji tu.

Na ukikuta vigingi vya wapimaji au vibendera vidogo vya rangi, usiving'oe hata kama vimekukera. Aghalabu vinaonyesha mpaka, au bomba na nyaya zinakopita chini ya ardhi. Mtu akija kuchimba bila kuviona anaweza kukata waya wa umeme. Tangazo lolote lenye muhuri wa serikali au wa mahakama nalo liache, nenda kaulize lilikotoka.

Kijana Mkweli

Mimi naungana na mdogo wako. Choma. Wamekudharau, wameona nyumba haina uzio wakadhani haina mwenyewe.

Mama Busara

Kijana Mkweli, hasira yako naielewa, ila ushauri huo utamtia dada yetu matatani. Leo yeye ndiye aliyekosewa. Akishachoma, na yeye anakuwa mkosaji. Bango la mgombea ndilo la kuchunga zaidi, maana ziko nchi ambako kuharibu vifaa vya kampeni ni kosa la uchaguzi, na wafuasi hawatauliza lilikuwa limesimama wapi. Watapiga picha ya majivu.

Dada, mimi ningefanya hivi. Piga picha kwanza: moja ya mbali inayoonyesha nyumba na bango pamoja, nyingine ya karibu ambayo namba ya simu inasomeka. Halafu ling'oe bila kulivunja, lilaze mahali pakavu, umwandikie mwenyewe meseji. Usipige simu, andika, ili ibaki. Maneno yasiwe mengi: "Bango lako limewekwa kwenye kiwanja changu bila ruhusa yangu. Nimelitoa, liko salama. Njoo ulichukue kabla ya siku fulani. Naomba msiweke tena." Matusi usiweke hata moja. Siku mambo yakifika mbele, meseji hiyo itasomwa na mtu asiyekujua.

Fundi Bustani

Wenzangu wamesema ya sheria, acheni mimi niseme ya nyasi.

Ukianza kung'oa, dada, usivute bango. Haya mabango ya siku hizi ni plastiki nyepesi yenye mifereji ndani, na miguu yake ni waya wa chuma uliopindwa, mara nyingi umbo la ngazi fupi. Ncha mbili zinaingia kwenye mifereji ya plastiki, mbili zinaingia ardhini. Ukishika plastiki ukavuta, inachomoka peke yake na waya unabaki. Upepo nao hufanya hivyohivyo, au unaukunja waya mpaka unakatika usawa wa udongo. Kipande kile kinazama kwenye ukoka, hukioni, mpaka siku mashine ya kukatia nyasi ipite juu yake.

Mimi imenikuta. Nilisikia mlio mmoja mkali, kisha waya wa urefu wa kiganja ukapita pembeni ya goti langu ukajikita kwenye mlango wa mbao. Kisu cha mashine kilipinda. Mtoto angekuwa amesimama pale sijui leo ningekuwa naandika nini.

Kwa hiyo shika waya wenyewe, chini kabisa karibu na udongo, utikise kidogo mbele na nyuma, uvute wima. Hesabu ncha zimetoka ngapi. Zikiwa pungufu, pitisha sumaku au chokoa kwa vidole hadi uipate iliyobaki. Kama una mabomba ya kumwagilia yaliyofukiwa, fungua maji uangalie kama hakuna linalovuja, kwa sababu waya hauchagui pa kupita. Likivuja, piga picha ya tundu, hiyo sasa ni hasara ya kudai. Mashimo yajaze udongo laini, ukanyage kidogo kwa kisigino, umwagilie. Ukoka utafunga wenyewe.

Niliwahi Kuchomeka

Nimesita kuandika ila nitasema, huenda ikasaidia. Nilipokuwa kijana niliifanya kazi hii. Tulikuwa tunapewa mzigo wa mabango na kulipwa kwa idadi tuliyochomeka. Hakuna aliyetuambia tuombe ruhusa, na sisi hatukuuliza. Tulitoka Ijumaa usiku, kwa sababu ofisi za kulalamikia zinafungwa hadi Jumatatu, na siku mbili za mapumziko watu wengi wanapita. Kona ndiyo ilikuwa inagombaniwa, maana gari linapunguza mwendo pale na dereva anapata muda wa kusoma namba. Nyumba yenye bango moja tuliiona kama imeshakubali, tunaongeza la pili bila wasiwasi.

Kwa hiyo dada, lile la kwanza la paa uliloliacha ndilo lililoyaita mengine. Sikulaumu, nakueleza tu wachomekaji wanavyofikiri. Ukiamka ukalikuta, litoke siku hiyohiyo.

Jambo jingine, mwenye biashara mara nyingi hajui bango lake lilipo. Anajua idadi aliyolipia tu. Ukimwandikia kistaarabu atasikia, kwa sababu namba iliyo kwenye bango ndiyo riziki yake, hataki isambae kwa ubaya. Naomba radhi kwa wote niliowachomekea.

Msomi wa Kando

Nataka kugusia hili la jirani, kwa sababu watu wanaweza kulichukulia dogo. Si dogo hata kidogo. Mwaka 1990 huko Ladue, kitongoji cha St. Louis nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Margaret Gilleo aliweka kwenye uwanja wake bango la inchi 24 kwa 36 la kupinga vita ya Ghuba. La kwanza likatoweka, la pili likaangushwa, na alipokwenda polisi akaambiwa mji wenyewe unakataza mabango ya aina hiyo. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1994 majaji wote 9 wakampa haki.

Sababu mojawapo waliyotoa ndiyo inayomhusu dada yetu. Walisema bango lililo nyumbani kwa mtu hubeba ujumbe tofauti na bango hilohilo likiwekwa mahali pengine, kwa kuwa linaonyesha nani anayesema. Yule mama alikuwa anatetea haki ya kusema kwa kutumia uwanja wake. Wewe umesemewa jambo ambalo hukulisema. Jirani yako hakukosea kusoma, alisoma kama mtu yeyote angesoma.

Uingereza nako kanuni za matangazo za mwaka 2007 zinaweka sharti kwamba tangazo lisiwekwe bila ruhusa ya mwenye eneo. Kwako tafuta kanuni za matangazo za halmashauri yenu. Ukienda na picha zenye tarehe utasikilizwa haraka kuliko ukienda na maneno.

Mama Busara

Ndiyo. Na kwa jirani usitume meseji, nenda kwa miguu. Usianze kujitetea kuhusu siasa. Mwambie bango lilikujaje, basi.

Halafu dada, samahani kwa swali hili: umewauliza wote wa nyumbani kwako? Kuna wakati mtu anabisha hodi, anamkuta kijana au msaidizi wa kazi, anauliza "tuweke hapa?", anaitikiwa "haya". Usije ukamvaa fundi wa watu kumbe aliruhusiwa.

Mama wa Kona

Nimerudi wapendwa. Asanteni kwa kunitoa gizani.

Mama Busara, swali lako lilinichoma. Niliwauliza wote mezani. Mpwa wangu anayeishi hapa akainamisha kichwa. Fundi wa paa alimkuta anafagia, akamwomba, naye akasema "wekeni tu". Hakujua kama ni jambo la kuulizwa wakubwa. Kwa hiyo la paa liliwekwa kwa ruhusa, ingawa haikutoka kwangu. Nilimwandikia yule fundi nikamweleza bila lawama, akaja mwenyewe jioni, akalitoa, na tundu akalifukia.

Tulivuta kamba kama Mzee wa Mipaka alivyoelekeza. Jiwe moja tulilipata chini ya udongo wa kina cha kiganja. Na kweli, la dalali lilikuwa nje ya kamba kwa hatua moja hivi. La mgombea lilikuwa ndani kabisa, karibu na waridi zangu.

Mzee wa Mipaka

Safi sana dada. Hilo la dalali basi liripoti kwa wanaosimamia barabara, ukitaja kwamba mshale unawapotosha watu waje kwako. Usiache likae. Bango la "inauzwa" linaloelekea kwenye nyumba isiyouzwa ni mlango wa matapeli, mtu anaweza kuja kumwonyesha mnunuzi nyumba yako kwa nje na kupokea malipo ya awali.

Fundi Bustani

Ncha zilitoka ngapi kwenye la mgombea?

Mama wa Kona

Moja, kaka. Nyingine ilikuwa imekatika chini. Tumeipata kwa sumaku, imelala kabisa ndani ya ukoka, huwezi kuiona hata ukiinama. Nimeifunga kwenye kitambaa nikaitupa. Watoto hucheza mpira palepale.

Bango lenyewe mume wangu alilipeleka ofisi ya kampeni likiwa zima, wakaandikishiana kwamba wamelipokea. Vijana walisema waliambiwa waweke "kwenye kona zote".

Kwa jirani nilikwenda jana, baada ya magharibi. Nilimweleza lilivyokuja, nikamwonyesha na zile picha. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kilichomuuma si mgombea, ni kudhani kwamba miaka yote nilikuwa namwogopa kumwambia ukweli. Nikamwambia na mimi kilichoniuma ni kwamba hakuja kuniuliza. Leo asubuhi alikuwa wa kwanza kunisalimia, na kwa sauti.

Tumekubaliana kwamba yeyote atakayeamka mapema akikuta bango kwa mwenzake atampigia simu. Mbele ya ukoka nitapanga mawe makubwa na kuotesha vichaka vifupi pale kwenye kona, ndani ya kamba, visizuie madereva kuona.

La dalali nimeliripoti leo kwa maandishi, na yeye mwenyewe nimemtumia meseji. Ameisoma, hajajibu. Nimempa hadi Ijumaa mchana.