John McLaughlin: ukiondoa kasi, alileta nini kwenye jazi-roki?

Mpiga_Rithim
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kila palipo na habari za jazi iliyochanganywa na roki, jina la mpiga gitaa John McLaughlin halikosekani. Nimesikiliza albamu ya kwanza ya bendi yake, Mahavishnu Orchestra, nota zinamiminika hadi nachoka. Mchango wake ni wepesi wa vidole tu, au kuna jambo linanipita?

Besi_Nzito
Linakupita mkuu, kwa sababu umeanzia pagumu. Weka Mahavishnu pembeni, tafuta albamu ya A Tribute to Jack Johnson ya mpiga tarumbeta Miles Davis, upande wa kwanza, "Right Off". Ilirekodiwa New York tarehe 7 Aprili 1970. Miles alikuwa bado anaongea na prodyuza Teo Macero kwenye chumba cha mitambo. McLaughlin akachoka kusubiri, akaanza kucharaza kodi (nota kadhaa kwa pamoja) kwenye ufunguo wa E, yaani E ndiyo nota ya msingi. Billy Cobham akamdaka kwa dramu, Michael Henderson kwa besi. Miles kusikia hivyo, akaingia mbio na tarumbeta yake.

Sikiliza hasa pale anapoingia. McLaughlin ameshahamia B-flati, Henderson kabaki E! Funguo mbili zinagongana, na Miles anapita humo humo bila kusita. Mimi ni mpiga besi, na kipande hicho ndicho kilichonifundisha kwamba si lazima nimkimbilie mpiga gitaa kila anapohama.

Hapo McLaughlin hatafuti solo ya kuringia. Gitaa lake linakwaruza kama la roki, lakini masikio ni ya jazi: linakata, linasukuma, linanyamaza, linamjibu mwenye tarumbeta. Kwangu mimi huo ndio mchango wake mkubwa.

Santuri_Kongwe
Naunga mkono, ila tusimpe yote. Mpiga gitaa Larry Coryell alikuwa anachanganya mambo haya New York tangu 1966, akiwa na bendi ya Free Spirits. Na aliyemwita McLaughlin kutoka Uingereza mwaka 1969 ni mpiga dramu Tony Williams, kwa ajili ya bendi yake ya Lifetime. Miles alimpata kupitia huko.

Besi_Nzito
Kweli kabisa, Coryell alitangulia, na Lifetime haitajwi inavyostahili. Ila McLaughlin alikuja kuwa mtunzi wa namna yake. Mwaka 1971 alikusanya Mahavishnu: Cobham mzaliwa wa Panama, Jan Hammer wa Chekoslovakia kwenye kinanda, Jerry Goodman Mmarekani kwenye fidla, Rick Laird wa Ayalandi kwenye besi. Wimbo unaobeba jina la albamu ya Birds of Fire (1973) una mapigo 18 kwa mzunguko. Ukishayashika, ile kasi haikuchoshi tena, kwa sababu unajua kila fungu la nota linatua wapi. Baadaye akaunda bendi ya Shakti na Zakir Hussain, mpiga tabla (ngoma za Kihindi), akashika gitaa lisilo la umeme, na hesabu za namna hiyo zikawa ndio uti wa mgongo wa muziki wenyewe.

Mpiga_Rithim
Nimejaribu hayo mapigo 18, napotea kabla sijafika mwisho.

Besi_Nzito
Usihesabu hadi 18. Hesabu tano, tano, tano, tatu, kwa sauti, ukifuata gitaa la mwanzoni peke yake. Fidla ikiingia usiifuate, endelea na hesabu yako.