Jazi ya London: tukae tusikilize au tusimame tucheze?

Mleta mada
Wadau, Ezra Collective, vijana watano wa London, walichukua tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka Uingereza na Ireland, mwaka 2023. Tuzo ipo tangu 1992 na kabla yao hakuna kundi la jazi lililowahi kuipata. Novemba 2024 wakapiga shoo yao wenyewe Wembley Arena, ukumbi mkubwa wa London. Albamu waliyotoa mwaka huo inaitwa Dance, No One's Watching, yaani hata jina linakuamuru ucheze.

Mimi nasema shangwe hii ina gharama. Femi Koleoso anashika dramu kwa mdundo wa Afrobeat, na huyu kafundishwa na Tony Allen mwenyewe, mpiga dramu wa Fela Kuti. Nduguye TJ yuko kwenye besi, tarumbeta na saksafoni zinapuliza kiitikio kwa pamoja, watu wanaruka. Safi kabisa. Ngoja sasa ifike solo, zamu ya mmoja kujitungia papo hapo. Solo nzuri inataka mahali pa kunyamaza: mtu apulize noti tatu, asubiri, kisha aelekee usikokutarajia. Mbele ya umati unaoruka, ukinyamaza kidogo tu watu wanapoa. Kwa hiyo kila solo inapanda, inapanda, inafika kwenye kelele, kiitikio kinarudi. Ukisikia mbili umezisikia zote. Pale Ronnie Scott's, klabu ya jazi ya Soho, London, watu wako mezani na unasikia hata brashi ikisugua ngoma.

Je, jazi ya kucheza haiui jazi ya kusikiliza?

Bundi wa Ilala
Mkuu, hadithi umeianzia katikati. Savoy Ballroom, ukumbi wa dansi, ilifunguliwa Harlem, New York, mwaka 1926, Chick Webb na bendi yake akapiga pale na watu walicheza mpaka jasho. Waliokuja kukaa kitako hawakukalishwa na sanaa peke yake. Mwaka 1944 serikali ya Marekani ilipandisha kodi ya kumbi zenye dansi na uimbaji hadi asilimia 30, baada ya miezi michache ikashuka hadi 20. Muziki wa ala bila kucheza ulisalimika. Mwenye ukumbi angefanyaje? Anaondoa uwanja wa dansi, anapanga meza. Vita vya Pili vya Dunia navyo vilishawachukua wapigaji wengi wa bendi kubwa. Leo mnatuambia kukaa kimya ndiyo asili ya jazi!

Binti Msamvu
Na hapa nyumbani je? Morogoro Jazz Band, Mbaraka Mwinshehe anakung'uta solo ndefu za gita, watu wako uwanjani wanacheza. Nani alipoa?

Mleta mada
Dada, hapo umenibana, ila nusu tu. Gita la Mbaraka lilizunguka juu ya ridhimu iliyotulia. Mchezaji anashika ridhimu, solo inakwenda itakako. Jazi ninayoisema mimi, besi na dramu navyo vinaondoka nyumbani. Miguu ishike nini?

Hoja ya kodi naikubali. Ila muziki uliozaliwa kwa sababu ya kodi bado ni muziki mzuri.

Mpuliza Zumari
Mtazame Shabaka Hutchings, mpuliza saksafoni wa jazi hii hii ya London. Alikuwa Sons of Kemet na The Comet Is Coming, bendi za kurukaruka kwelikweli. Mwisho wa 2023 akaweka saksafoni chini, akageukia filimbi, ikiwemo shakuhachi ya Japani. 2024 akatoa albamu tulivu, na mashabiki wakamfuata. Wengi wao aliwaokota kwenye shoo zile za kuruka.

Mleta mada
Au alikimbia kelele?

Mpuliza Zumari
Hata kama alikimbia, hakukimbia peke yake.

Bundi wa Ilala
Jingine, mkuu. Unalilia kumbi za kukaa kama vile zinakufa. Ronnie Scott's ipo tangu 1959. Zinazofungwa ni za kusimama: Passing Clouds ya Dalston, mashariki mwa London, ilikwisha 2016, na 2018 Total Refreshment Centre, Hackney, ikasimamishiwa shoo kwa mambo ya leseni, wakati kizazi hiki kilikuwa kinakutana na kurekodi humo. Hawa vijana wengi, pamoja na Nubya Garcia wa saksafoni na Moses Boyd wa dramu, walifundwa bure na Tomorrow's Warriors, mradi ulioanzishwa na Gary Crosby na Janine Irons mwaka 1991. Wakitoka darasani bila hela ya meza Soho, wakapige wapi?

Binti Msamvu
Hapo ndipo mleta mada anapaswa kujibu. Solo tutabishania baadaye.