Propela za skwea paipu: zifungwe kwenye magari yanayobeba watu?

Mtoa mada:
Wakuu, habari za leo. Naleta hoja hii kwa sababu hapa Arusha jambo lenyewe linaenea kimyakimya. Gari likiinuliwa springi, propela ya mbele, yaani shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, inakuwa fupi, tairi likining'inia korongoni mkono wa meno, ile sehemu yake inayoteleza kurefuka na kufupika, unachomoka. Mafundi wamepata dawa ya bei nafuu: skwea paipu, yaani paipu ya pembe nne, ya inchi 2 yenye unene wa robo inchi, ndani yake inaingizwa ya inchi moja na nusu, krosi (kiungo kinachoiruhusu shafti kupinda ikizunguka) inachomelewa kila upande, basi. Paipu inateleza ndani ya paipu, inaifuata difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, inavyopanda na kushuka.

Sina ugomvi na kifaa chenyewe. Nimetambaa nacho kwenye makorongo ya Engaruka kuelekea Natron, Land Cruiser iko kwenye gia ya nguvu, na hakikugoma. Vumbi la kule likiingia kwenye meno ya propela ya kawaida linayala. Skwea paipu unaipangusa, unapaka grisi, safari inaendelea.

Ugomvi wangu ni ninapoiona nyuma, kwenye gari la watalii lililorefushwa chesisi, linakimbia lami ya Makuyuni na watu saba ndani. Tupige hesabu. Tairi la 7.50-16 lina mzunguko wa kama mita 2.5. Kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka mara 530 hivi kwa dakika, na kwa difu ya 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja, propela inazunguka karibu mara 2,200. Ukitambaa kwa kilomita 10, ni mara 270 tu. Shafti ya trekta inayozungusha mashine za shambani nayo ni paipu ndani ya paipu, na kwa kawaida inazunguka mara 540. Pale inadumu miaka.

Mwendo ndio unaoiharibia. Ili paipu iteleze lazima iachiwe nafasi, hata kama ni unene wa kucha, na nafasi hiyo inaifanya ya ndani iegemee upande mmoja. Kuibalansi huwezi, maana kila ikiteleza inakaa upya. Na nguvu ya kuvuta kwenda nje haiongezeki sawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, yenyewe inazidi mara nne. Toka kilomita 10 hadi 80, ni mara 64.

Mimi nasema ifungwe mbele tu, tena kwa gari lenye habu za kufungua, zinazoachanisha tairi za mbele na ekseli, ili ukiwa lami propela isimame. Nyuma, kwenye gari la abiria, kamwe.

Fundi, Unga Limited, Arusha:
Mkuu, unatuonea. Mteja anakuja saa kumi na mbili jioni, kesho alfajiri ana wageni wa Serengeti, propela imepinda. Nimwambie nini? Halafu kazi hii ni mikono. Mshono wa ndani ya paipu mimi naumaliza wote kwa tupa ndefu, naipenyeza ile ndogo mpaka nasikia hewa inatoka pembeni. Ikicheza, siifungi. Na napiga alama ya rangi, kwa sababu paipu ya pembe nne inaingia namna nne, na mbili kati ya hizo zinapishanisha krosi, ya huku isilingane na ya kule. Wengi wanaolalamikia mtetemo walifungiwa krosi zilizopishana. Hapo kosa ni la aliyefunga.

Dereva, Moshi:
Mimi nina Defender ya zamani. Mbele kwangu inafaa?

Mtoa mada:
Kaka wa Moshi, haifai. Defender inavuta kwa tairi zote nne muda wote, kwa hiyo propela ya mbele haipumziki hata lami. Ya nyuma ndiyo usiiguse kabisa: breki ya mkono ya gari lako iko nyuma ya transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, inashika shafti. Propela ya nyuma ikikatika mlimani, breki hiyo haishiki gari mpaka difu ya katikati, iliyo ndani ya transfa, iwe imefungwa.

Fundi, suala la krosi kupishana nalikubali, nilipaswa kulitaja. Lakini sikia nilichokiona. Nilipanda gari lililofungwa skwea paipu nyuma na fundi hodari, machomeleo yake safi, alama zimekutana. Tulipopita Kisongo kioo cha ndani kilikuwa kinatetemeka, gari lililo nyuma yetu halina umbo. Dereva akashuka hadi 50, kikatulia. Makuyuni tukaingia chini: sili ya transfa inavuja oili, kikombe kimoja cha krosi kimegeuka rangi ya bluu kwa joto, na sindano zake, zile beringi nyembamba za ndani, zimekuwa unga mwekundu. Paipu yenyewe nzima kabisa. Mtetemo uliua vilivyo jirani yake, na ungemkuta hata fundi mzuri kuliko yule.

Mteja wako wa jioni mwambie akodi gari lingine kwa safari hiyo, lake liwekewe propela ya paipu ya mviringo, inyooshwe kwa mkerezaji na kubalansiwa. Najua itamuuma mfukoni. Ila nijibu hili: ukishafunga skwea paipu nyuma, unamwambia dereva asizidi kilomita ngapi? Na unamwandikia?

Fundi, Unga Limited:
Namwambia 60. Kumwandikia, hapana, sijawahi.

Mtoa mada:
Basi anayeendesha kesho yake, kama si yule aliyekuja kwako, hajui.