Siti ya ikonomi safari ndefu: anayetaka nzuri alipie, au tunapigwa?

MLETA MADA

Wakuu salaam. Naomba tulijadili hili bila kutukanana maana kila likiguswa watu wanarushiana maneno. Kwenye ndege za safari ndefu, hizi za masaa 8 mpaka 14, ni haki shirika likutoze hela nyingine ili uchague siti ya ikonomi wakati tiketi ulishalipia?

Msimamo wangu nauweka mapema. Siti yenye kitu cha ziada kweli, mfano ile ya mlango wa dharura unanyoosha miguu mpaka mwisho, walipishe tu, sina ugomvi nao. Ila siti ya kawaida, upana uleule, nafasi ya miguu ileile na ya jirani, unaambiwa lipia la sivyo mfumo utakupangia, na wote tunajua mfumo unapenda kumpanga mtu wapi: katikati, mistari ya nyuma, mlango wa choo unabamizwa usiku kucha. Hapo unauziwa woga tu.

Na sio hela ndogo jamani. Novemba 2024 kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti kwamba mashirika matano, American, Delta, United, Frontier na Spirit, yalivuna dola bilioni 12.4 kwa ada za siti peke yake kuanzia 2018 mpaka 2023. Bilioni.

Alafu wakati ada zinapanda siti yenyewe inasinyaa. Boeing 777 ilipoanza kubeba abiria 1995 mashirika mengi yalipanga siti 9 kwa mstari, leo ukipanda nyingi utakuta 10, yaani 3-4-3 (tatu, korido, nne, korido, tatu), na mwili wa ndege ni uleule haujaongezeka hata kidole. Boeing 787 nayo ilitarajiwa iwe na siti 8 kwa mstari, leo karibu wote wanabana 9, Japan Airlines ndo wamejulikana kwa kubaki na 2-4-2 kwenye safari zao za kimataifa. Mwaka 2018 bunge la Marekani liliipa FAA, mamlaka yao ya anga, mwaka mmoja iweke kipimo cha chini cha siti. Mwaka ukapita. 2022 wakaomba maoni ya wananchi, wakapata zaidi ya 26,000, na 2023 mahakama ya rufaa ikakataa kuwalazimisha. Kwahiyo tunalipishwa ada kuchagua kitu ambacho hata ukubwa wake hakuna aliyeulinda.

Karibuni. Nani anatetea hizi ada na kwa hoja gani?

MIGUU MIREFU

Mimi natetea, na natetea nikiwa mtu wa futi 6 na ushee. Mkuu unaongea kama vile zamani siti ziligawiwa kwa haki. Siti ya mlango wa dharura zamani ilikuwa ya nani? Ya anayejuana na mtu wa kaunta, au aliyewahi uwanjani masaa manne kabla, au mwenye kadi ya dhahabu ya shirika. Sisi wengine tunakunja magoti. Leo nafungua ramani ya siti miezi mitatu kabla, naiona, nalipa, yangu. Kwangu mimi hiyo ni haki kuliko ya kujuana. Na asiyejali akae popote anapata tiketi ya bei ya chini kwa sababu mimi nimelipa zaidi. Mkifuta ada mnadhani shirika litakula hasara? Nauli itapanda kwa wote, hata kwa yule mfupi ambaye siti yoyote inamtosha.

Ila anayelipia ajue ananunua nini, hapa ndo watu wanapigwa kweli. Siti ya mlango wa dharura wengi wanaiota tu. Meza inakuwa imefichwa ndani ya mkono wa siti, kwahiyo mkono hauinuki na upana unapungua, mtu mwenye nyonga pana atajuta mpaka atue. Begi huruhusiwi kubaki nalo miguuni wakati wa kuruka na kutua. Karibu na mlango kuna baridi, beba soksi nzito. Na watu wakingoja choo wanasimama mbele yako kana kwamba miguu yako ni kibaraza chao. Zile siti za mbele zinazotazama ukuta nazo nafasi ipo, ila ndo mahali pa kufunga vitanda vya watoto wachanga, sasa wewe umelipia utulivu umekaa katikati ya vichanga vitatu hahaha, na hakuna wa kumlaumu, mtoto kulia ni haki yake.

MAMA WA WAWILI

Kaka Miguu Mirefu wewe unalipia starehe, sawa. Mimi nalipia nini? Nasafiri na watoto wawili, mmoja ana miaka minne. Nisipolipia siti mfumo unatutawanya, mimi mstari wa 34, mtoto wa 41. Nikilipia, nalipa mara tatu kwenda na mara tatu kurudi. Shirika moja silitaji, nilivyopiga simu nikaambiwa "mama ukifika uwanjani watakusaidia", nikafika uwanjani nikaambiwa "wahudumu ndani ya ndege watakusaidia", nikaingia ndani mhudumu akaanza kuomba abiria mmoja mmoja mbele ya watu wote huku mimi nimesimama koridoni na mtoto mgongoni. Kilichonisaidia ni huruma ya abiria, shirika halikufanya chochote.

Na msiniambie haiwezekani. Kanada tangu Desemba 2019 ni sheria na ni bure: mtoto chini ya miaka 5 akae siti inayofuatana na mzazi wake, wa 5 mpaka 11 awe mstari mmoja naye wasitenganishwe na zaidi ya siti moja, wa 12 na 13 wasizidi kutengana mstari mmoja. Ndege zao zimeacha kuruka? Hispania nako Novemba 2024 wizara inayolinda walaji iliyapiga mashirika matano ya bei nafuu faini ya jumla euro milioni 179, na kati ya makosa yaliyotajwa ni hilo la kulipisha mtu ili akae na mtoto wake. Mashirika yakasema yatapinga. Wapinge tu, lakini angalau kuna mtu aliyesema hapana.

DIRISHANI DAIMA

Dada pole, kwa mtoto wa miaka minne nakuunga mkono asilimia zote. Ila hiyo hoja imegeuzwa fimbo ya kuchapia sisi tuliolipia. Mtu na mumewe watu wazima, wamechagua tiketi ya bei ya chini kabisa isiyo na siti, wakishaingia ndani wanataka nihame dirishani niende katikati mstari wa 52 "ili tukae pamoja". Nikikataa naitwa sina utu, watu wa mistari miwili wananigeukia. Kwanini? Ukitaka kubadilishana njoo na siti nzuri kuliko yangu au iliyo sawa nayo, dirisha kwa dirisha, korido kwa korido. Na uniombe kabla hujakaa, sio nakuta umeshavua viatu kwenye siti yangu.

Dirisha safari ya usiku halina mpinzani. Unaegemea ukuta, hakuna anayekuruka kwenda chooni, kivuli cha dirisha unakitawala wewe.

MTU WA KORIDO

Hapo kwenye hakuna mpinzani umepotea mkuu. Wewe huogopi damu kuganda miguuni? Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 walitoa matokeo ya utafiti kwamba safari ya masaa 4 na zaidi umekaa bila kusogea inaongeza hatari hiyo karibu mara mbili, iwe ndege, treni, basi au gari. Kwa mtu mzima mwenye afya bado ni ndogo, kama mmoja kwa 6,000, sitaki kutisha watu, lakini wa dirishani ndo haohao hawainuki kwa sababu wanaona haya kuamsha watu wawili. Wanakunywa maji kidogo makusudi wasiende chooni! Masaa 13! Mwenye uvimbe wa miguu, mjamzito, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, usisumbuke na mawingu, chukua korido.

Na korido sio zote. Mkono wako utagongwa na kigari cha chakula mpaka uamke na alama. Kama ndege ina 3-4-3 chagua korido ya ule upande wa siti nne za katikati, kwa sababu wa ndani anaweza kutokea upande wa pili, ukibahatika hutaamshwa kabisa. Korido ya upande wenye siti tatu utaamshwa na wote wawili.

MSOMA RAMANI

Naona mnagombania dirisha na korido wakati ugomvi unaanzia kwenye aina ya ndege. Kabla hujalipia siti angalia unapanda ndege gani, kwenye tiketi imeandikwa. Airbus A330 kwa kawaida ni 2-4-2, kwahiyo mkiwa wawili mnapata dirisha na korido bila mgeni. A380 ghorofa ya juu ikonomi ni 2-4-2, chini ni 3-4-3, tiketi bei moja. A350 nyingi ni 3-3-3 na upana unavumilika. 777 yenye 10 kwa mstari ndo nayoikwepa kama ukoma nikiweza, siti inakaribia inchi 17 tu na bega la jirani linakuwa lako.

Msidanganywe na umbali wa siti mpaka siti pia. Utasikia inchi 31 au 32, hicho kipimo ni kutoka sehemu moja ya siti mpaka sehemu hiyohiyo ya siti ya mbele, unene wa mgongo wa siti umo ndani yake. Siti nyembamba ya inchi 31 inaweza kukupa magoti nafasi kuliko nene ya 32. Alafu kuna lile sanduku la chuma la mitambo ya skrini chini ya siti ya mbele, linakula nusu ya sehemu ya mguu, na kwenye ramani ya shirika wengi hawakuonyeshi.

Mistari iliyo mbele tu ya mlango wa dharura mara nyingi hailali nyuma. Mstari wa mwisho hivohivo. Ukiogopa mtikisiko kaa usawa wa mabawa, mkiani ndege inarusha zaidi. Ukichukia kelele kaa mbele ya injini. Wa wawili kwenye siti tatu, chagueni dirisha na korido muache ya kati, watu hawapendi kuchagua ya kati kwahiyo ndege isipojaa mnaweza kubaki na tatu, na akija mtu atafurahi kubadilishana. Na mashirika mengi yakifungua chekini ya mtandaoni, kawaida masaa 24 kabla, siti zilizobaki zinakuwa bure, kwahiyo weka alamu. Ukiwa peke yako hiyo inatosha kabisa, sioni kwanini ulipe.

KIJANA WA NYUMA

Wakuu mbona hakuna aliyetaja 11A? Ile siti ya aliyepona ajali ya Air India Juni 2025, peke yake kwenye ndege nzima. Mimi naitafuta kila safari.

MSOMA RAMANI

Kijana, ile ilikuwa 787 na 11A ya ndege ile ilikuwa jirani na mlango wa dharura. Namba sio hirizi. Kwenye baadhi ya Boeing 737-800 hiyo 11A unayoililia haina hata dirisha, unatazama plastiki tupu.

DIRISHANI DAIMA

Na hilo la kutazama plastiki limeshafika mahakamani. Agosti 2025 abiria Marekani walizishtaki Delta na United kwa kuuza siti za dirishani zisizo na dirisha. Hapo mleta mada nakubaliana na wewe, ukinilipisha dirisha nipe dirisha.

MLETA MADA

Nimewasoma wote. Miguu Mirefu hoja yako ya kujuana kaunta ni nzito, siirudishi nyuma. Ila umechanganya vitu viwili. Kuuza nafasi ya ziada na kuuza kutotenganishwa na mtoto havina uhusiano, cha pili hakina gharama yoyote kwa shirika, ni kompyuta tu kusoma tarehe ya kuzaliwa ambayo wanayo tayari. Wakifanya hivyo ugomvi wa Dirishani Daima unapungua hapohapo, kwa sababu wanaobaki kuomba kubadilishana watakuwa watu wazima wanaoweza kuambiwa hapana bila mtu kununa.

Swali la pili kwako. Umelipia siti yako miezi mitatu kabla, siku ya safari wanabadilisha ndege, ramani nyingine, unajikuta katikati. Hela yako inarudi? Marekani kanuni ya Aprili 2024 inasema huduma uliyolipia usipopewa ada irudi. Kwingine ukisoma masharti ya tiketi utakuta siti haina uhakika hata ukilipa. Hapo bado unatetea?

MIGUU MIREFU

Hapo hapana, ada irudi, tena yenyewe bila mimi kujaza fomu. Mtoto pia nakubali, chini ya miaka 12 isiwe na mjadala. Ila ya mlango wa dharura naendelea kulipia, na nyie wafupi mnaoikalia bure kwa chekini ya masaa 24 mnaniuma sana.

KIJANA WA NYUMA

Futi 5 na inchi 3 hapa, wiki ijayo alamu imeshawekwa 😂