Pesa ya umma kuijengea klabu ya mtaa: haki au kubebana?

Namba Sita: Wakuu tulijadili hili bila matusi. Klabu ndogo ya mtaa, ina wanachama, ina kadi, ina ada. Ni sawa halmashauri itoe hela ya walipakodi kuijengea vyumba vya kubadilishia nguo, taa na uwanja wenyewe? Mimi nasema sawa, watoto wanahitaji pa kuchezea na hakuna klabu ya ridhaa inayoweza kununua taa kwa ada za wanachama. Iceland manispaa zilijenga kumbi za mpira za ndani, kinchi cha watu laki tatu na kitu, Euro 2016 wakamtoa England.

Mlipakodi: Iceland tena!! Nchi zenye kumbi ziko kibao na hazijamtoa mtu. Mimi sichezi mpira, sina kadi ya klabu yoyote, nikujengee bafu kwa lipi? Hobi yenu, changishaneni. West Ham walipewa uwanja mzima wa Olimpiki bure, wenye London mpaka leo wanaulipia.

Kibendera: Sio bure mkuu, wamepanga. Mkataba wa miaka 99, wakahamia 2016, kodi ilianzia kama paundi milioni 2.5 kwa mwaka. Kwa dude kubwa lile ni sawa na bure, nakubali, ila tuwe sahihi.

Mlipakodi: Asante mwalimu. Nilichosema ni hobi. Leo mpira wa miguu, kesho netiboli nao watataka jengo, akina dada warushiane mpira wapunguze unene kwa hela yangu.

GS Mkongwe: Rudia hapo kwenye unene.

Mlipakodi: Nilitoa mfano tu dada

GS Mkongwe: Huo sio mfano ni dharau. Nimecheza netiboli miaka kumi na moja, goti la kushoto mpaka leo linatabiri mvua. Unajua ukidaka mpira una sekunde tatu uwe umeutoa, na huruhusiwi kutembea nao? Wewe sekunde tatu zitaisha hujajua hata umeshika nini. Na kuhusu hizo hela unazozililia, uwanja wetu ulijengwa kwa hela ya umma, ubaoni pakaandikwa kabisa ni wa jamii yote, mwaka wa pili huu sisi tunabadilisha nguo nyuma ya gari maana ufunguo wa vyumba anao katibu wa timu ya wanaume na katibu ukimpigia hapokei, ukimkuta anasema kausahau nyumbani.

Namba Sita: Pole dada, ila hiyo shida ni ya katibu sio ya ruzuku.

GS Mkongwe: Ni hiyo hiyo. Aliyetoa hela bila kuandika ufunguo unakaa kwa nani, kamjengea katibu.

Kocha Mstaafu: Binti kaongea. Ardhi na jengo vibaki vya umma, klabu ipewe mkataba wa kutumia, ratiba ibandikwe mlangoni, hata Mlipakodi akitaka kuja kutembeza kitambi chake jioni aingie. Mkianza kubebana ndio yanakuja ya Hispania, 2016 Tume ya Ulaya iliziambia klabu saba zirudishe misaada ya serikali, Real Madrid wakiwemo, wao kwa mambo ya ardhi, euro milioni 18 na ushee.

Kibendera: Real walienda mahakamani, 2019 uamuzi ukafutwa.

Kocha Mstaafu: Nimesema waliambiwa. Sijasema walilipa.

Mtoto wa Bernabéu: Kwenye hao saba Barcelona hawamo? Mbona hujawataja? Chuki tu

Kocha Mstaafu: Wamo, ila yao ilikuwa ya nafuu ya kodi, kijana. Tulia.

Mtoto wa Bernabéu: Ahaaa kumbe wamo 😂😂 asante, nimemaliza.

Namba Sita: Jamani turudi. Kujenga ni mara moja, bili ya maji na umeme ni kila mwezi, majani nayo yanaota. Nani atalipa hayo? Naona ndipo viwanja vingi vinapofia, riboni inakatwa, taa tatu zinaungua, hakuna wa kubadilisha.

Mlipakodi: Samahani GS, hizo sekunde tatu anahesabu nani?

GS Mkongwe: Refa.

Mlipakodi: Kwa saa?

GS Mkongwe: Kichwani.

Mlipakodi: Basi mnaibiana sana. Na kitambi hicho sijakisahau Kocha.

Kibendera: Hata kipa kwenye mpira wa miguu refa humhesabia bila saa, mbona huko hujalia

Mlipakodi: Kipa hajaniambia sijui nimeshika nini.

GS Mkongwe: Njoo Jumamosi uibiwe basi. Tunaanza saa kumi.

Mlipakodi: Nakuja. Nguo nitabadilishia wapi?

GS Mkongwe: Nyuma ya gari.