Nimetenganisha taka, gari ikaja ikazichanganya zote. Wana Mwanza nyie mnafanyaje?

MamaPacha_Mkolani

Wakuu habari za jioni. Mimi nipo Mkolani kule juu kwenye mawe, nyumba ya watu sita ukimhesabu na dada wa kazi, na kwa wiki tunatoa salfeti mbili za taka, sikukuu zikipita ni tatu. Gari ya taka haipandi huku kwetu, inasimama barabara ya chini inapiga honi, kwa hiyo kuna kijana tunamlipa kivyake azishushe na siku asipotokea ndo zinakaa hapo getini mbwa wanachana usiku kucha.

Mwezi uliopita nikasema hapana, ngoja nijipange. Nikaweka ndoo tatu jikoni, moja ya maganda na makombo, moja ya makopo na chupa, moja ya takataka zenyewe kama pampasi na mavumbi. Watoto nikawafundisha wakawa wakali kuniliko, baba yao akitupa ganda la ndizi kwenye ndoo ya makopo anaitwa arudi atoe. Nikajiona nimefika. Siku ya gari nikashuka mwenyewe na salfeti zangu tatu nimezifunga kamba za rangi tofauti, yule kijana aliyekuwa juu ya gari akazipokea moja moja, akazimwaga zote sehemu moja, akazikanyaga na gambuti. Namuuliza vipi mdogo wangu, ananijibu "mama zote zinaenda kulala dampo la Buhongwa". Nilirudi mlimani miguu mizito jamani.

La pili ni stoo. Nina kitanda cha mtoto (pacha wangu wana miaka saba sasa), feni imekufa, mabegi ya shule yaliyokufa zipu, masufuria yametoboka, viatu vya watoto havihesabiki. Mwaka jana niligawa mfuko mzima wa nguo kwa dada mmoja wa mtaani, wiki mbili baadaye napita soko la Mlango Mmoja nakuta gauni la mwanangu limetandikwa chini linauzwa, lile lile nililoshona mwenyewe kifungo kwa uzi mwekundu! Nilijisikia vibaya mpaka leo sijagawa kitu tena.

Sasa naomba mnisaidie, kutenganisha kuna maana gani kama mwisho wa siku inachanganywa? Na hivi vitu vya stoo mnavipeleka wapi? Natanguliza shukrani.

---

Ngosha_Igoma

Mama unajipa presha bure. Chimba shimo nyuma ya nyumba, Jumamosi piga kiberiti, kwisha habari. Wazee wetu walifanya hivyo hivyo

---

FundiMabomba77

@Ngosha_Igoma wazee wetu walikuwa wanachoma majani ya mgomba na mabua, sio chupa na nyaya na malapa. Na shimo achimbe wapi mtu anakaa juu ya jiwe? Mimi nipo Mabatini, jirani wa bondeni akichoma takataka zake sisi wa juu ndo tunazila, moshi unapanda na mlima unaingia dirishani na mtoto wangu ana pumu. Mpira wa nyaya na mabomba ya plastiki ndo mbaya zaidi, ule moshi una sumu sio harufu tu. Kingine watu wanachofanya ni kusubiri mvua wamwage mtaroni, mtaro unaenda mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, halafu maji ya bomba ya mji huu yanavutwa ziwani humo humo. Haya endeleeni

---

DadaSkrepa

Mama Pacha pole, ila kosa lako ni dogo sana nalo ni kwamba ulitenganisha halafu ukampa mtu asiyehitaji kutenganisha. Yule wa gari kazi yake ni kujaza gari aondoke, hana shida na kamba zako za rangi. Ukitenganisha unatakiwa ujue kila ndoo inamwendea nani KABLA gari haijapiga honi.

Mimi nanunua makopo na chuma chakavu mwaka wa nne huu kwa hiyo nitakueleza ninachokijua. Wale wamama na vijana unaowaona asubuhi na salfeti mgongoni, msiwaite machizi, wale ndo wanaopunguza taka za mji huu kuliko sisi wote. Mtafute mmoja anayepita mtaani kwako, mwambie kila Jumatano aje getini achukue. Usitegemee hela ya maana hapo maana kopo tupu ni jepesi, salfeti inajaa mpaka mdomoni ukiweka kwenye mzani ni kilo chache tu, mimi nakushauri umwachie yeye bure na yeye atakuzolea na vingine.

Sasa hivi ndo vitu vinavyotusumbua sisi wanunuzi. Chupa ya maji au soda ifunguliwe, imwagwe kabisa, ikanyagwe, na kifuniko ukiweke pembeni, kwa sababu kifuniko ni plastiki nyingine sio ya chupa. Ukitaka kuona jaribu nyumbani, katakata chupa na kifuniko uvitie kwenye beseni la maji, vipande vya chupa vinazama, vya kifuniko vinaelea. Wanangu walidhani mama yao mchawi. Kundi la pili ni dumu za mafuta, ndoo zilizopasuka, chupa za shampuu, hizo ni plastiki ngumu na zina bei yake, usichanganye na chupa za maji. Kopo la oili chafu liweke peke yake, likivuja linaharibu salfeti nzima na mtu anakataliwa mzigo wake wote kisa kopo moja.

Vyuma chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu. Inayonata ni chuma cha kawaida, isiyonata usiitupe, kopo la soda na sufuria yako iliyotoboka ni aluminiamu na hiyo ndo ina hela kidogo. Waya una kopa (shaba) ndani lakini nawaomba sana msiuchome kutoa mpira, unachunwa kwa kisu.

Pampasi sina jibu, hiyo ni ya gari tu. Betri na taa zilizokufa naweka kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, nje, mbali na watoto.

---

MamaPacha_Mkolani

@DadaSkrepa asante dada yangu, hii ya sumaku sikuijua kabisa, nimekaa na masufuria mawili nayafanya ya kulishia kuku. Sasa maganda? Maana ndoo ya jikoni ndo inayojaa kuliko zote, kila siku ndizi, viazi, mihogo, na inatoa harufu mpaka aibu mgeni akija.

---

Mzee_wa_Mgomba

Mwanangu shikamoo nimeipokea kabla hujaitoa, hahaha. Mimi ni mstaafu nipo Nyegezi, na nyumba yangu ipo juu ya jiwe vile vile, udongo wangu wote ningeweza kuubeba kwenye karai.

Taka za kila nyumba huku kwetu zaidi ya nusu ni hizo hizo za jikoni, ukizitoa hizo ile salfeti inabaki nyepesi mtoto anabeba. Kwa hiyo anza hapo, hayo makopo ni mapambo tu (Dada Skrepa anisamehe).

Sina pa kuchimba kwa hiyo nilipanga mawe duara, kimo cha goti, nikaacha upande mmoja wazi wa kuingizia koleo. Chini nikatandika vijiti ili hewa ipite. Kila jioni namwaga ndoo ya maganda, juu yake nafunika na majani makavu au maranda ya mbao nayachukua kwa fundi seremala anayatafutia pa kuyatupa. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanamwaga mabichi matupu, yanaoza yananuka, kisha wanasema mboji haifai. Bichi moja, kavu mbili. Ukichukua konzi ukaiminya inatakiwa iwe kama kitambaa ulichokikamua, si ya kuchuruzika maji wala si ya kupeperuka. Mara moja kwa wiki nageuza na koleo, asubuhi baridi utaona mvuke unatoka, ujue inaiva. Miezi mitatu hivi unapata udongo mweusi unanukia kama msitu baada ya mvua.

Usitie samaki, nyama wala mafuta. Nilitia vichwa vya sangara mara moja tu, asubuhi nikakuta wale ndege wakubwa wenye shingo ya upara wamesimama watano juu ya ukuta kama wazee wa baraza, na paka wa mtaa mzima. Maji ya kuoshea dagaa namwagia shina la mgomba na kufukia. Ukoko na makombo ya ugali wape kuku au mtafute mfuga nguruwe, hao hawachagui.

Na vumbi la mkaa msilitupe. Changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo, finyanga madonge kama machungwa, anika siku kadhaa. Linawaka polepole, maharage yanaiva juu yake.

---

Ngosha_Igoma

Mzee hiyo ya vumbi la mkaa nakubali, bibi yangu alikuwa anafanya. Ila mboji bado naona ni kazi ya mtu aliyestaafu 😂

---

Mzee_wa_Mgomba

Dakika tano kwa siku kijana, wewe kwenye simu unakaa saa ngapi?

---

Teddy_Kirumba

Naomba niguse hilo la gauni maana wengi wamelipita. Dada Mama Pacha, mimi naona hukukosewa. Ulitoa nguo ili ikasaidie, yule dada aliuza akapata hela ya unga, na aliyenunua gauni mwanae amevaa. Nguo moja imefanya kazi nyumba tatu. Ungemuuliza tu alikuwa anahitaji nini, huenda mwanae ni wa kiume!

Mimi nilijifunza kwa kuaibika. Niliwahi kumpelekea jirani mfuko wa nguo nikaona nimefanya jambo, akaupokea vizuri akashukuru, kesho yake nakuta zile zenye madoa na zilizochanika kazipanga pembeni ya jalala. Hakuniambia neno. Kumbe nilikuwa nimemhamishia taka zangu ili mimi nijisikie mwema. Siku hizi nafua, napiga pasi, naweka zipu, isiyofaa naikata matambara ya kudekia mwenyewe.

Na usisubiri stoo ijae. Sisi mtaani kwetu tuna grupu la WhatsApp, tulianza wamama wa kikoba tu. Unapiga picha, unaandika ukweli (feni haizunguki, kiti kina mguu mmoja mbovu), wa kwanza kusema nataka ana siku mbili kuja kuchukua, asipokuja anapewa wa pili. Sheria ni moja, ukishachukua ni chako, uza, gawa, kata kuni, hakuna kuulizana. Hiyo sheria ndo imeondoa maneno yote. Makopo ya bati yanaenda kwa wauza karanga, chupa za glasi kwa muuza asali, vitabu vya shule vinaisha ndani ya saa moja.

Vibovu vya chuma wapelekee mafundi. Makoroboi pale mjini jina lenyewe limetokana na hizi koroboi za makopo, watu wa mji huu wamekula kwa chuma chakavu toka zamani.

---

FundiMabomba77

Naongezea hapo, feni usimpe mtu wa mtaani kwanza, mpelekee fundi aiangalie. Mara nyingi ni kapasita tu imekufa au bushi imekauka oili, kitu kidogo sana. Ukiskrepu umepoteza feni.

---

MamaPacha_Mkolani

Jamani nimesoma zote mara mbili na mume wangu naye kasoma. Leo tumepanga mawe, tena hayo huku hayatafutwi. Mama mmoja mwokota makopo nimemsimamisha asubuhi, nikamwambia Jumatano, akaniuliza "kweli hutampa mtu mwingine?" nikamwambia ni zako. Feni Jumamosi inakwenda kwa fundi. @Teddy_Kirumba la gauni umeniweza, sina la kujibu.

---

Ngosha_Igoma

Samahani mama, kile kitanda cha mtoto bado kipo? Wife yuko mwezi wa nane

---

MamaPacha_Mkolani

Kipo. Njoo na spana namba 13, boliti moja imeliwa na kutu. Na ukishachukua ni chako.