Paka anakojoa damu, eksirei haikuonyesha jiwe, ultrasaundi ya nini tena?

Mlezi_Section58: Watu wa Nakuru mko aje. Dume wangu amehasiwa, tangu juzi anaingia kwa mchanga wake kila saa, anajikamua zinatoka matone tu na damu. Daktari akapiga eksirei akasema haoni jiwe, sasa anataka nirudi kwa ultrasaundi. Si hiyo ni kumaliza mfuko wangu tu? Kama jiwe lipo si lingeonekana?

veti_wa_ziwani: Hapana, anajua anachofanya. Eksirei inashika vizuri mawe ya aina ya struviti na kalsiamu okzaleti, na hayo ndiyo mengi kwa paka, lakini ya yurati mara nyingi yanapita bila kuonekana, na jiwe dogo la milimita moja hivi, ama lililojificha nyuma ya mavi kwa utumbo, utalikosa. Ultrasaundi haijali jiwe ni la aina gani, hata chembe ndogo kama mchanga utaziona zikicheza ndani ya kibofu, na ukuta ukivimba pia unaonekana. Shida yake ni mrija wa mkojo ukishaingia kwa nyonga, mfupa unaziba, huko utarudi tu kwa eksirei. Hebu uliza picha yako ilifika mpaka chini ya mkia? Wengine hupiga tumbo tu, na dume huziba huko nyuma.

Njoro_paka3: Na usishangae kama hiyo pia itatoka safi. Paka wengi hasa wa umri wa kati hawana jiwe wala bakteria, ni kibofu kimevimba chenyewe, stresi nayo inachochea. Wangu ilianza tulipohama nyumba. Enda kibofu kikiwa na mkojo, kikiwa tupu haoni kitu.

Mlezi_Section58: Asante. Lakini tangu asubuhi hata tone hakuna, amelala tu na ametapika. Nimkatie Panadol kidogo?

veti_wa_ziwani: USIMPE PANADOL, hata kipande, inaua paka! Na sahau picha kwanza, huyo ameziba. Potasiamu inapanda kwa damu mpaka moyo unasimama, haichukui siku nyingi. Mpigie daktari ukiwa njiani, mwambie ni dume na hakojoi, atayarishe katheta, ule mpira mwembamba wa kufungua mkojo. Usimfinye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Akishafunguliwa na kutulia ndio mtapiga hizo picha, na likiwa struviti huenda likayeyuka kwa chakula maalum. Okzaleti haiyeyuki, hiyo ni kutolewa.

Mlezi_Section58: Nimepata boda, ako kwa katoni. Daktari amesema ananingoja